Mwalimu wa Hesabu Anatafuta Kazi

Juru, Nakivale
19 Januari 2025

Kwako Vanessa, binti ya Annonciata,

Pengine utautambua mwandiko huu kabla ya kufika kwenye jina. Ni mimi Kalume, mwalimu wako wa hesabu kule Kalundu, Uvira. Leo baada ya ibada nimekutana na mama yako, akaniambia unafanya kazi kwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi huko Kakoba. Nilifurahi, kisha nikaona haya, kwa sababu furaha yangu ilikuja pamoja na ombi.

Natafuta kazi. Nina miaka hamsini na saba na sijawahi kuitafuta maishani mwangu. Zamani kazi ndiyo ilinitafuta mimi. Nilimaliza masomo Bukavu mwezi wa saba, na mwezi wa tisa mkuu wa shule akatuma mtu na pikipiki aje anichukue mimi na godoro langu. Hapa kambini, tangu chakula cha msaada kipunguzwe, sote tumekuwa watu wa shamba. Mke wangu Marie analima vizuri. Mimi ninalima kama mtu anayefuta ubao. Msimu uliopita mgongo ulinilaza wiki tatu, magugu yakamaliza mahindi.

Ndani ya bahasha utakuta barua ya kuomba kazi niliyoiandika kwa mkono, na maelezo ya maisha yangu, kurasa nne. Naomba uvichape, uniambie na shule gani za Mbarara zinatafuta mwalimu wa hesabu. Atakayekupa ni Cassien, Mrundi anayeleta nyanya soko la Kakoba kila Alhamisi. Jibu umpe yeye. Simu yangu ni ya kusalimiana tu, karatasi haipiti ndani yake.

Mwalimu wako,
Kalume


Kakoba, Mbarara
30 Januari 2025

Mwalimu wangu,

Mwandiko niliutambua Cassien akiwa bado ameshika bahasha. Nikajikuta nimesimama wima nyuma ya mashine, vile tulivyokuwa tukisimama ukiingia darasani. Bosi wangu, mzee Rwakabuba, akaniuliza kama nimeona nyoka.

Siku nzima nilikuwa Kalundu. Nilisikia ile kengele yetu ya ringi ya lori. Nikakumbuka saa nne, samaki wa mikeke wakichomwa kule chini bandarini, na wewe unafunga madirisha ukisema hakuna aliyewahi kufikiri vizuri huku ananusa samaki. Tulikuchukia kwa ajili ya yale madirisha, Mwalimu. Leo ningelipa kusikia harufu ile dakika moja.

Sasa niruhusu nikuambie mambo ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu. Mimi ninachapa barua za kazi asubuhi mpaka jioni. Benchi letu la nje halipoi. Wanaokaa pale wana digrii, na wanaomba kazi ya kuuza laini za simu. Kwa hiyo ninajua kidogo barua ipi inasomwa na ipi inafungiwa chapati.

Yako inaanza hivi: "Nina heshima kubwa kuja kuinama mbele ya wema wenu mkuu." Nimeufuta mstari huo, unisamehe. Hapa mkuu wa shule anataka kujua kwanza unafundisha nini na unaweza kuanza lini. Kurasa nne zimekuwa moja. Nimeondoa kabila, majina ya wazazi, na ile sehemu ya jinsi tulivyokimbia. Hiyo utaisema ukiulizwa. Umri sikuuandika, nimeandika miaka ishirini na miwili darasani. Nipe majina ya watu wawili wa kukusemea, lakini wawe wanapokea simu. Pasta asiyepokea simu hatusaidii. Na vyeti vyako vya asili usimwachie mtu yeyote ofisini. Nitatoa fotokopi mimi mwenyewe, kisha Cassien akurudishie.

Moja la mwisho. Walimu wa hesabu wamejaa kwenye benchi letu. Mwalimu wa Kifaransa sijachapa barua yake hata mmoja tangu mwaka jana. Fikiria.

Wako kwa heshima,
Vanessa


Juru, Nakivale
6 Februari 2025

Vanessa,

Barua uliyoichapa ni safi. Nimeisoma mara tatu, nikaona kwamba hata mimi ningemwajiri mtu huyo, ingawa simjui vizuri.

Juu ya Kifaransa, hapana. Kifaransa kilikuwa sahani yetu, hakikuwa chakula. Tulikitumia kwa sababu vitabu vyetu viliandikwa kwa lugha hiyo. Mimi ni mtu wa hesabu.

Unakumbuka siku uliyonisahihisha? Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimejaza ubao mzima, nikakosea alama kwenye mstari wa tatu, na darasa zima lilikuwa linanakili kosa langu. Ukainua mkono. Wenzako wakaacha kupumua. Nilikuwa mkali siku zile, ninajua. Nikakupa chaki, ukafuta kutoka mstari wa tatu mpaka chini, ukaandika upya, ukarudi kukaa bila kuniangalia. Jioni nilishuka mpaka ziwani peke yangu, nikacheka. Walimu wengine wanasema walianza kazi siku walipopewa mshahara. Mimi nilianza siku ile.

Kwa hiyo nikuulize, na siulizi kwa dharau: mtoto yule anafanya nini nyuma ya mashine ya fotokopi?

Peleka barua kwenye shule zinazotafuta mwalimu wa hesabu. Vyeti viko ndani ya bahasha.

Kalume


Kakoba, Mbarara
13 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuletea jibu zuri. Sikulipata.

Nimepeleka barua shule tisa, nyingine kwa miguu wakati wa chakula cha mchana, nyingine nikimpa mtu wa boda. Shule moja wameiweka kwenye faili, na faili lenyewe liko sakafuni chini ya dirisha. Kwenye shule moja ya Nyamityobora, naibu mkuu aliisoma yote mbele yangu, akakusifu, kisha akanionyesha kwa kidole vijana watatu uani. Wote ni walimu wa hesabu wa hapa hapa, wamesajiliwa, na wanafundisha bila mshahara wakingojea nafasi itokee. Akaniambia hawezi kuwaruka. Nilimwelewa. Wengine hawakujibu.

Ulichoniuliza kuhusu mimi nitakijibu siku nyingine. Niko salama.

Lakini iko shule moja ya binafsi upande wa Ruharo. Mkuu wake ni mama mmoja anaitwa Mukarukundo. Wanataka mwalimu wa Kifaransa kuanzia muhula wa pili, na hawataki wa vitabuni tu, wanataka mtu aliyeishi ndani ya lugha. Wako tayari kukuanzisha na madarasa ya chini wakati vyeti vyako vinakaguliwa. Nilisikia nilipopita pale. Barua nimekwisha kuichapa, pa kutia sahihi nimepaacha wazi. Ukiona ni tusi, uichane na tusizungumze tena habari hiyo.

Ila nitasema neno moja. Hesabu zote ulizonifundisha zilifika kichwani kwangu kwa Kifaransa chako.

Vanessa


Juru, Nakivale
20 Machi 2025

Vanessa,

Imetiwa sahihi. Ni kazi ya Marie zaidi kuliko yangu.

Barua ilikaa juu ya ndoo ya unga siku tatu. Siku ya nne Marie alirudi kutoka shambani, akaiona bado iko pale, akakaa chini na jembe lake. Akaniuliza ninangoja nini. Nikamweleza habari ya sahani na chakula, kama nilivyokuandikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kalume, nani alikwambia hesabu itakasirika?"

Nikachukua biki.

Acha nikuambie na jambo ambalo Marie halijui. Sikukataa kwa kiburi tu. Niliogopa. Miaka miwili ya kwanza hapa kambini nilifundisha watoto chini ya turubai, baadaye wakaja walimu wenye vyeti vya nchi hii, nikaambiwa asante. Miaka kumi na moja sijasimama mbele ya darasa. Wiki hii ninakwenda nyuma ya nyumba kutamka vitenzi kwa sauti, na mbuzi wa jirani wanainua vichwa. Maneno yapo, lakini yanatoka polepole, kama watu wanaotoka kwenye nyumba iliyofungwa muda mrefu.

Je, wakiniuliza kitu nisichokijua?

Kalume


Kakoba, Mbarara
27 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Wamekuita. Ni Jumanne tarehe moja Aprili, saa tatu asubuhi. Njoo Jumatatu. Utalala chumbani kwangu Nyamityobora, mimi nitalala kwa jirani yangu Belyse.

Wakikuuliza kitu usichokijua, sema hukijui, kisha sema utakitafuta wapi. Hilo nililisikia kwako. Usianze kwa kushukuru muda mrefu. Usiseme "sisi wakimbizi", sema "mimi". Wakikuuliza kwa nini wakuchukue wewe, usiinamishe macho; kwetu ni adabu, hapa wanadhani unaficha kitu. Wakikupa darasa la kujaribia, usiangalie wakubwa waliokaa nyuma, angalia watoto. Usiwaambie wakupe mshahara wowote watakaoona unafaa. Uliza wanalipa nini, kisha unyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu, ujizoeze.

Na hilo koti lako jeusi la Kalundu, kama lipo bado, usilivae. Jua la Ruharo saa tatu ni kali na utaonekana umetoka mazishini. Shati jeupe linatosha.

Vanessa


Juru, Nakivale
3 Aprili 2025

Vanessa,

Juzi sikupita dukani kukuaga. Nilikwenda moja kwa moja kituoni nikarudi nyumbani. Nilikuwa na hasira, na sikutaka uione mbele ya wateja wako.

Nikueleze kwanza kilichotokea. Walinipa darasa la watoto arobaini. Nilianza vibaya, chaki ikakatika mara mbili. Kisha msichana mmoja nyuma akauliza kwa nini Kifaransa kinahesabu tisini kama ishirini mara nne na kumi, wakati sisi Wakongo tunayo nonante, neno letu moja tu la tisini. Mama yake ni wa Goma. Vanessa, nikasahau niko wapi. Nikachora ishirini ishirini ubaoni, watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti, na nilipogeuka saa ilikuwa imekwisha.

Mama Mukarukundo akaniita ofisini. Mezani kwake palikuwa na karatasi yenye majina. La kwanza lilikuwa lako, limekatwa kwa mstari wa kalamu ya bluu. Akaona ninaliangalia.

"Huyu msichana ndiye tulikuwa tumechukua," akasema. "Mimi nikamuuliza tu, nani alikufundisha. Akasema habari yako, akasema, mpaka chai yangu ikawa baridi. Nikamuuliza, huyo mzee sasa yuko wapi?"

Kumbe una diploma ya ualimu. Kumbe mama yako aliambiwa asiniambie. Miezi mitatu umenifundisha jinsi ya kuingia kwenye mlango, na mlango wenyewe ulikuwa wako.

Wamenipa mpaka Ijumaa ya wiki ijayo nijibu. Nitakataa. Mwalimu hali chakula cha mwanafunzi wake.

Kalume


Kakoba, Mbarara
10 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Cassien ameniahidi kwamba atakufikishia hii leo leo, kabla ya kushusha makreti yake matupu. Kesho ni Ijumaa.

Kweli, nina diploma, Kifaransa na Kiswahili. Miaka minne sasa. Uliuliza mtoto yule anafanya nini nyuma ya mashine ya fotokopi. Alikuwa anatoa fotokopi za barua zake mwenyewe. Nimeomba kazi shule nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mashauri yote niliyokupa niliyapata kwa kukataliwa. Niliinamisha macho. Nilishukuru sana. Nilisema nitapokea mshahara wowote. Nilificha kwa sababu ulikuwa unaniandikia kama kwa mtu anayejua njia, na mimi niliipenda sana heshima hiyo.

Tarehe tano Machi Mama Mukarukundo aliniambia nimepata. Halafu akaniuliza swali lile, wakati nimeshika kalamu ya kutia sahihi. Nikaanza kumweleza habari zako. Nikamwambia habari ya madirisha, na habari ya mstari wa tatu. Aliponiuliza uko wapi, ningeweza kusema sijui. Nilinyamaza, Mwalimu, nataka ulijue hilo. Nilinyamaza mpaka nikajionea haya. Kisha nikasema uko Juru, unalima, na mgongo unakuuma.

Sikukupa kitu changu. Niliulizwa nani anafaa, nikajibu. Jioni nililia kwa Belyse, sitakuficha hata hilo.

Sasa hesabu mwenyewe, wewe uliye mtu wa hesabu. Ukikataa, hawatanirudia mimi. Nafasi ile ina watu kumi nyuma yake. Tutakuwa wawili kwenye benchi na wa tatu atakuwa darasani. Mimi nina miaka ishirini na tisa, benchi litanivumilia. Shamba halitakuvumilia wewe.

Mpigie Mama Mukarukundo simu kesho kabla ya saa sita. Uliza wanalipa nini, kisha unyamaze.

Vanessa


Ruharo, Mbarara
26 Juni 2025

Vanessa,

Mzee Rwakabuba ameniambia umekwenda kwa mama yako Nakivale wiki hii, na kwamba Jumanne unaitwa kwenye ofisi moja pale Base Camp, penye ofisi za kambi, inayotafuta karani wa kutunza kumbukumbu. Hukuniambia. Hiyo tabia yako sasa naijua.

Mimi ni mzima. Muhula umefika katikati, watoto wananiita Musyo, yaani bwana kwa Kifaransa, na Marie atakuja tukishavuna. Jioni ninapanda juu nyuma ya shule. Hakuna ziwa huko, ni ng'ombe tu na migomba, lakini upepo ukija vizuri ninafumba macho.

Unahitaji mtu wa kukusemea. Karatasi hii ya pili ni yako. Nimeiandika kwa mkono, usiichape, wala usifute kitu. Ipeleke kama ilivyo.

Kalume


KWA MKUU WA OFISI

Mimi Kalume, mwalimu, ninamfahamu Vanessa tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

Mwaka tuliokimbia, risasi zilikuwa zimeanza kusikika milimani juu ya shule yetu. Ilikuwa wiki moja kabla ya kutoa matokeo ya mwaka. Mkuu wa shule alikwisha kuondoka na familia yake. Madaftari makubwa ya alama yalikuwa ofisini, mazito, hakuna aliyeweza kuyabeba. Nilikwenda kufunga mlango nikamkuta Vanessa ameketi sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa ananakili kwenye daftari dogo jina la kila mwanafunzi, darasa lake na alama zake. Nikamwambia aende nyumbani. Akaniambia, "Mwalimu, bila karatasi wataanza wote upya."

Alifanya kazi hiyo siku mbili. Nilikaa naye, nikatia sahihi kila ukurasa. Akalivusha daftari lile mpakani, ndani ya mfuko wa unga. Shule tuliyoiacha iliungua. Huko Nakivale watoto wengi waliingia darasa walilostahili kwa sababu jina lao lilikuwa ndani ya daftari lile, na wengi wao hawakujua kamwe ni nani aliyeliandika.

Ofisi yenu ikitafuta mtu wa kutunza kumbukumbu, alikwisha kuianza kazi hiyo.

Kalume


Base Camp, Nakivale
3 Julai 2025

Mwalimu wangu,

Niliisoma barua yako nyuma ya nyumba ya Mama ili asinione. Akaniona.

Hawakunichukua. Ofisini walikuwa na mtu wao tangu mwanzo, nilifahamu nilipoona ameshapewa kiti. Lakini mama aliyekuwa ananiuliza maswali, Mganda wa makamo, aliisoma karatasi yako, akaikunja, akaikunjua akaisoma tena. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwezi wa tisa kuna mradi mwingine, na kwamba ataniita. Sijui kama ataniita. Akaniomba abaki na barua. Nikamwambia samahani, nitamletea fotokopi, hii ya asili siiachi ofisini.

Nilipokuwa mlangoni akaniuliza kama habari ya daftari ni ya kweli. Nikasema ni ya kweli.

"Walikuwa wangapi?"

"Mia mbili na kumi na saba," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Miaka kumi na mitatu sijaitamka namba hiyo, na ilitoka kama jina langu.

Nimerudi kwa Mama kwa miguu. Njiani nikaanza kuwataja kimoyomoyo, darasa la kwanza, kwa mpangilio wa herufi, vile walivyokuwa wamekaa daftarini. Nimefika mlangoni nikiwa darasa la tatu, Mwalimu, na sijamsahau hata mmoja.

Vanessa